Klachi ya Mkono

Neno ambalo Theopista hapendi kulisikia ni "orijino". Matusi anayavumilia, umbea wa gengeni anaucheka, na wale wanaomwita kiguu akishawapa mgongo huwageukia akawauliza kama wamekosa la kuzungumza. Lakini mtu akisimama mbele ya Landrova yake, akaweka mikono kiunoni, akatikisa kichwa na kusema aisee, hii ingebaki orijino ingekuwa mali, hapo mama huyu wa miaka hamsini na sita hubadilika sura.

"Ingebaki orijino ingekuwa banda la kuku," humjibu. "Na wewe mwenyewe ungepanda huu mlima kwa miguu."

Na angepanda kweli. Kutoka lami ya mji wa Mkuu hadi kwa akina Theopista ni mlima mtupu, barabara ya udongo mwekundu iliyobanwa na migomba kulia na kushoto, na mvua ikinyesha inateleza kuliko sabuni. Magari ya chini hugeuzia darajani. Kuanzia hapo ni pikipiki kwa wenye roho ngumu, na Landrova ya Theopista kwa waliobaki wote. Hushusha ndizi sokoni na kupandisha saruji. Hubeba wajawazito, wagonjwa na maharusi. Ikifika Desemba, watu wanaporudi nyumbani kutoka Dar na kila walikotawanyika, hubeba masanduku yao, magunia yao ya mchele wa Mabogini, na watoto wao wanaopiga kelele kwa woga kila gari linapoinama.

Woga wenyewe wana haki nao, kwa sababu anavyoendesha Theopista ni jambo la kutazama. Mguu wake wa kushoto haukukua. Polio ilimpitia akiwa mdogo, ikamwachia mguu mwembamba usio na nguvu ya kukanyaga hata tandu, na klachi ya Landrova ya zamani ni nzito, inataka mguu wa mtu mzima aliyeshiba. Kwa hiyo pale mlangoni, kulia kwa kiti chake, palichomelewa bomba la chuma lililotoka kwenye kitanda cha zamani, likaunganishwa kwa fimbo ya chuma inayopita chini hadi kwenye pedeli. Akilivuta bomba kwa mkono wa kulia, klachi inaingia. Mkono wa kushoto unabadili gia. Usukani, kwa muda huo mfupi, anaushikilia kwa kifua. Mgeni akiona hivyo kwa mara ya kwanza hukumbuka dhambi zake zote, na Theopista hucheka peke yake.

Gari lilikuwa la baba yake, mzee Hosea, aliyekuwa dereva wa kubeba kahawa. Alilinunua kwa mapadri walipolichoka. Wakati huo lilikuwa na kitanda cha wagonjwa ndani. Mzee akakitoa, akaweka mabenchi, akapandisha keria juu. Theopista alikulia kwenye madgadi ya gari hilo, amekaa mguu mmoja ukining'inia, akimpa baba yake spana kabla hajaziomba. Akaijua injini kama wenzake walivyojua kusuka. Na mzee, kila alipomaliza kazi na kufuta mikono, alikuwa na sentensi yake moja.

"Ungekuwa na mguu, mwanangu, hili gari ningekuachia wewe."

Neno hilo alilisema kwa upendo. Hakuna siku ambayo halikumwuma binti yake, na mzee akafa bila kujua hilo, maana Theopista hakuwa mtu wa kumwambia baba yake kwamba upendo wake unachoma.

Macho ya mzee yalipoanza kufunga ukungu, gari liliegeshwa ubavuni mwa nyumba. Hakuna aliyeliendesha. Mathew, kitinda mimba, ambaye kwa desturi ya nyumbani ndiye mwenye nyumba na kihamba, lile shamba la ukoo, na vyote vilivyomo, alikuwa Dar kwenye kazi yake ya benki. Mvua ikanyesha juu ya gari, jua likawaka, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Theopista alikuwa akienda kuokota mayai humo kila asubuhi, na asubuhi moja akasimama na mayai mkononi akaona amechoka kuokota mayai kwenye gari.

Akashuka Moshi. Mafundi wa magari aliowaendea walimsikiliza, wakatazamana, mmoja akamwambia kwa heshima kwamba mama, gari la historia kama lile halikatwi, na mwingine akamwambia bila heshima kwamba atafute mume wa kumwendesha. Akawaacha. Akaenda Kiboriloni, nyuma ya soko, kwa Swaleh, aliyekuwa anachomelea vitanda na mageti. Swaleh hakuwa fundi wa magari na wala hakujidai kuwa. Alimtazama mguu, akamtazama mikono, akauliza swali moja tu.

"Mkono upi una nguvu zaidi?"

Alipanda mlimani na mashine yake. Mzee Hosea alikaa kwenye benchi la nje, amewapa mgongo, akisikiliza grenda ikikata gari lake, na siku zote hizo hakufungua mdomo. Kazi ilipokwisha Theopista akawasha, akavuta bomba, akaenda hadi getini huku gari likiruka kama ndama, akarudi kinyumenyume. Mzee akainuka. Akapapasa kwa fimbo mpaka akaupata mlango wa abiria, akapanda, akafunga.

"Nipeleke kanisani," akasema.

Ilikuwa Jumanne. Alimpeleka.

Miaka ikapita namna hiyo. Injini ya zamani ilipokufa, Theopista akaweka ya dizeli iliyotoka kwenye pikapu. Keria ikaoza, akaweka nyingine ya mabomba. Rangi ilipobanduka akaipaka ile ya bluu iliyobaki shule ya msingi ilipopakwa madirisha, akaipaka mwenyewe kwa brashi, na michirizi ya brashi unaiona mpaka leo kwenye picha za harusi za kijiji kizima. Mzee alifariki akiwa amezoea kukaa kiti cha mbele. Mathew alikuja kuzika, na katika vitu vya baba yake akachagua kimoja, kamera ya zamani yenye mkoba wa ngozi, akaenda kuiweka kwenye kabati la vioo sebuleni kwake. Gari hakulitaka. Alisema dada endelea nalo tu.

Hayo aliyasema kabla hajajiunga na wale wenzake wa magari ya kale.

Ni kundi la watu wenye uwezo, wanakutana Jumapili wakiwa na magari ya zamani yanayong'aa kama sahani za mgeni, wanafunguliana boneti na kusifiana. Mathew akawaonyesha picha ya Landrova ya baba yake, ya enzi zile, nyeusi na nyeupe. Wakamshika mabega. Wakamwambia yeye ana hazina na hajui. Mwezi wa kumi alipanda mlimani akiwa na simu imejaa picha, akakaa jikoni kwa mama yao, Mama Salvina, akanywa mtori wa ndizi, akamgeukia dada yake.

"Dada, hili gari likirudishwa lilivyokuwa, Kaskazini nzima halina mwenzake. Mwisho wa Desemba kuna maonesho pale Moshi. Nataka kulipeleka kwa jina la mzee."

"Lilivyokuwa lini?" Theopista akauliza.

"Lilivyotoka kiwandani."

"Wewe kiwandani ulikuwepo? Baba alilikuta na kitanda cha wagonjwa. Hicho kitanda nacho utakirudisha?"

Mathew akacheka kidogo. "Dada, usinielewe vibaya. Tunazungumzia thamani. Ukitoboa kitu cha zamani, ukikichomelea, umekiua. Cha zamani kinatunzwa."

"Kama ile kamera."

"Ee, kama ile kamera. Iko vilevile, hata mkoba wake. Kila mgeni lazima aiulizie."

"Imepiga picha ngapi tangu uichukue?"

"Haipigwi picha, dada. Inatazamwa."

"Basi gari halitazamwi," Theopista akasema. "Linapandwa. Kunywa mtori unapoa."

Mama Salvina akajifanya anashughulika na moto. Lakini Mathew hakuwa mjinga, na alijua dada yake ana wasiwasi gani. Sakafu ya gari ilikuwa imeliwa na kutu, na breki zilianza kuwa za kuombea. Akabadili lugha. Akasema atalipeleka kwenye gereji nzuri mjini, wazibe kutu, waweke breki mpya, walipake rangi. Zawadi kwa dada yake. Theopista alifikiri usiku kucha, na tusimlaumu, kwa sababu breki alizihitaji kweli, na mtu akikupa unachohitaji ni vigumu kuwa mkali kwake.

"Rangi paka unayotaka," akamwambia asubuhi akimpa ufunguo. "Mkono wangu wa klachi usiuguse."

"Sawa, dada."

Alisema sawa, na mama yao alisikia.

Gari likaenda. Mvua za vuli zikaja, barabara ikawa uji, na kijiji kikajua maana ya kukosa Landrova. Ndizi zilishuka kwa vichwa vya akina mama. Binti mmoja mwenye mimba alibebwa kwa machela mpaka lami, huku wanaume wakiteleza na kulaani. Kila aliyepita kwa Theopista aliuliza gari linarudi lini, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba liko kwenye breki. Yeye mwenyewe alikaa nyumbani na gongo lake la kutembelea kama alivyokaa utotoni, akihesabiwa tena miongoni mwa watu wa kuletewa vitu. Hakuipenda hali hiyo hata kidogo.

Mathew alirudi siku mbili kabla ya Krismasi. Nyumba ilikuwa imeshajaa. Shangazi zao walikuwa wamefika, watoto wa Dar wamejaa uani na simu zao, pombe ya mbege inachujwa, ngoma ya jirani imeanza. Watu walisikia honi chini kwenye mgomba wa mwisho, wakainuka kushangilia. Lakini gari halikuingia. Lilisimama getini, na Mathew akashuka, akaja kwa miguu, taratibu, amevaa uso wa kanisani. Mkononi ameshika isale.

Asiyejua huku kwetu atadhani ni jani tu, na kweli ni jani, la mmea ule uliopandwa kwenye mipaka ya vihamba. Lakini likikatwa, likafungwa fundo na kupelekwa kwa mtu, linakuwa neno. Linaletwa na mkosaji kwa aliyemkosea kuomba msamaha, na anayeletewa halikatai. Ugomvi wa mipaka umeishia hapo, na hata wa damu. Mathew, aliyesoma shule za bweni na kuhamia mjini, alikumbuka hilo moja, kwamba halikataliwi. Akaona amepata kufuli la mdomo wa dada yake. Hakukumbuka kwamba isale humfungua mdomo kwanza yule aliyelibeba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema Mama Salvina, macho yakiwa kwenye jani. "Mathew, hilo isale ni la nini? Umemkosea nani?"

Mathew hakutegemea swali. Alitegemea kulikabidhi jani na kwenda kufungua soda.

"Ni la dada," akasema.

"Umemkosea nini?"

"Ule mkono wa klachi. Umetolewa."

"Na nani?"

Akatazama chini. "Niliwaambia mimi watoe."

Theopista alikwishaanza kutembea. Alipita katikati ya watu na gongo lake, akafika getini, na gari lake akalikuta limekuwa la kijani, la kijani kibichi kinachong'aa, keria imeng'olewa, viti vipya vya ngozi, bampa imenyooka. Lilikuwa zuri. Hilo lilimwongezea hasira. Akafungua mlango wa dereva. Pale bomba lilipokuwa pamesuguliwa pakawa laini, pakapakwa rangi, kama vile hapajawahi kuwa na kitu. Akapanda. Akauinua mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili, akauweka juu ya klachi, akakanyaga kwa nguvu zake zote. Pedeli haikuwa na habari naye.

Alilia, na sina sababu ya kumfichia. Alilia kwa hasira, na watu wote walimwona, na alipomaliza akafuta uso kwa kanga na kushuka.

"Bomba langu liko wapi?"

"Gereji waliliuza kwa wanunua vyuma chakavu," Mathew akasema. Alikuwa amemfuata, jani bado liko mkononi. "Dada, nisikilize. Breki ni mpya kabisa. Injini sijaigusa. Nitakutafutia dereva, utakuwa unakaa kiti cha mbele kama mama mwenye gari. Na Krismasi mama nitampeleka kanisani mimi mwenyewe."

"Na Januari?"

"Januari vipi?"

"Januari, Mathew! Mkishapakia ndizi zenu kwenye magari yenu, mkaondoka wote, hapa anabaki nani?" Sauti yake ilifika mpaka kwa jirani na ngoma ikanyamaza. "Ninyi mnakuja na Desemba. Mnataka mkute jiko lina moshi uleule, bibi amekaa kigoda kilekile, gari la mzee lina rangi ileile, mpige picha mrudi. Nilipong'oa nyasi za paa nikaweka bati mlinuna. Nilipoingiza bomba la maji mlisema maji ya mfereji yalikuwa matamu. Mimi ndiye ninayeishi humu. Mimi nabaki na matope. Hilo gari lilipokuwa orijino mimi nilikuwa mtu wa kubebwa, unasikia? Unachokiita orijino ni mimi kubebwa."

Shangazi mmoja alijishika mdomo. Kwa mara ya kwanza siku ile Mathew aliona kitu ambacho hakikuwa kwenye picha za simu yake. Akapiga goti kwenye tope na suruali yake ya kitambaa. Akanyoosha jani kwa mikono miwili.

Wote walimtazama Theopista. Kulikataa isale ni jambo ambalo hata wanaolisimulia huteremsha sauti. Alisimama akipumua, na wapo walioapa baadaye kwamba alitaka kulikataa. Kisha akalichukua.

"Nimepokea," akasema. "Nimekusamehe, na mbele ya mama sitalirudia kosa lako mdomoni."

Kigelegele kikapigwa. Mathew akainuka akitabasamu, akaanza kusema habari za mbuzi, kwamba ameshamwagiza, beberu mkubwa, atachinjwa kesho.

"Mbuzi tutamla," Theopista akamkata. "Sasa rudisha ulichovunja. Nataka mkono wangu kabla ya misa ya Krismasi. Na wewe ndiye utakayeushika ukichomelewa."

"Dada! Maonesho? Gari limeshaandikishwa kwamba ni orijino."

Mama Salvina alikuwa amefika getini kwa hatua zake ndogo. "Isale limepokelewa, baba," akamwambia kijana wake kwa upole. "Umeomba na umepewa. Ukirudi nyuma sasa hivi, basi ni wewe uliyelikataa, na mimi sitakaa meza moja na wewe."

Hapo ndipo Mathew alipojua kwamba kufuli alilolileta limefungwa upande wake.

Theopista akapiga simu Kiboriloni. Swaleh alikuwa ameota mvi sasa na mgongo umeanza kumwuma, lakini alipoambiwa klachi ya mkono imekatwa aliuliza nani mwehu huyo, akaambiwa. "Krismasi ni yenu, mimi kesho nina nafasi," akasema. Alifika asubuhi ya pili juu ya pikipiki, mashine ya kuchomelea imefungwa nyuma kwa mpira, tope mpaka kwenye kofia. Walimkaribisha kwa shangwe, wakampa kisu, akamchinja beberu ili kila mtu aweze kula, akanawa, akaenda kulitazama gari.

"Wamesugua vizuri," akasema akipitisha kidole. "Haya, bomba liko wapi?"

Bomba halikuwepo. Maduka ya vyuma ya Mkuu yalikuwa yamefungwa. Walijaribu mpini wa chuma wa jembe, ukawa mfupi. Walijaribu nondo, ikapinda. Mathew alianza kupata matumaini na hakuyaficha vizuri. Theopista, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha dereva akiwatazama, akaingiza mkono nyuma ya kiti kutafuta chochote, akagusa kitu kizito kilichofungwa kwa kitambaa cha manjano. Akakifungua. Kilikuwa chuma kirefu cheusi, kimepinda mahali pake, mwishoni kina mshikio wa kukaa vizuri kiganjani.

"Hii ni nini?"

"Hiyo iache, dada," Mathew akasema haraka. "Hiyo ni hendeli. Ya kuwashia gari kwa mkono, enzi zile. Ukiacha injini, ndiyo kitu pekee kilichokuwa kinakosekana. Nimeitafuta mwaka mzima, imetoka Uingereza."

"Inawasha hii dizeli yangu?"

"Haiwashi, ni ya injini ya zamani. Ni ya kukamilisha tu."

Theopista akaipima mkononi. Akaisimamisha pale pa kulia, karibu na mlango, mshikio juu. Akaivuta kwake. Swaleh akainama, akafumba jicho moja, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Urefu wake ni kama nimeagiza mimi."

"Hapana, jamani," Mathew akasema. "Hiyo hapana. Fundi, nakuomba. Hiyo ni orijino!"

"Si ndiyo uliyokuwa unaitaka?" Theopista akamwuliza. "Nimekubali. Tuweke orijino."

Uani palilipuka kwa kicheko, shangazi akagaragara kwenye mkeka, watoto wakainua simu. Mathew alisimama peke yake katikati ya kicheko hicho. Akamtazama mama yake, mama akatazama mbuzi. Akavua koti. Akapewa gunia bichi la kushikia, akapiga magoti pembeni ya dada yake, akaikamata hendeli kwa mikono yote miwili.

"Usitikisike, bosi," Swaleh akamwambia. "Ukitikisika tunarudia."

Mashine ikanguruma, taa za nyumba nzima zikafifia, cheche zikaruka. Ziliruka juu ya kijani kile kizuri na kila zilipotua rangi ilivimba na kuungua. Mathew aligeuza uso pembeni, amefumba macho, na unaweza kusema ni kwa ajili ya mwanga. Lakini hakutikisika. Hilo Theopista aliliona na akalihifadhi moyoni, maana hata hasira yake ina haki.

Asubuhi ya Krismasi Mama Salvina alipanda kiti cha mbele akiwa na kitenge kipya. Nyuma walibanana shangazi, watoto, na Mathew akiwa na suti, goti kwa goti na kapu la maua. Isale lilikuwa limefungwa kwenye kioo. Theopista akauinua mguu wake wa kushoto, akauweka pembeni mahali usipomsumbua, akawasha. Akavuta hendeli. Ilikuwa nzito kuliko bomba na ikaingia vizuri kuliko bomba. Kifua kikagusa usukani, gia ikaingia, na gari likashuka mlima na breki zake mpya, watoto wakapiga kelele.

Mwisho wa Desemba maonesho ya Moshi yalifanyika bila Landrova. Siku hiyo ilikuwa imebeba maharusi, na watu walisema kijani kinapendeza kwenye picha ukisimama upande usioungua.

Baada ya mwaka mpya wakaanza kuondoka, nyumba moja baada ya nyingine, mpaka kijiji kikabaki na wazee, kuku na ukungu. Theopista alimshusha Mathew mwisho wa wote. Mvua ilikuwa imeanza tena. Gari la Mathew, aliloletewa na kijana wa gereji, lilikuwa limelala Mkuu siku zote hizo, halikuweza kupanda. Walipofika lami alishuka, akapakua mikungu yake, akarudi mlangoni kwa dada yake, akaweka mkono juu ya hendeli. Mshikio ulikwishaanza kung'aa kwa kiganja cha Theopista.

"Dada, nikija Desemba nitaikuta hivi?"

Theopista akautoa mkono wa mdogo wake taratibu, akaushika, akauachia.

"Utaikuta nitakavyokuwa nimeona inafaa," akasema. "Salimia watoto."

Akavuta klachi, akaweka gia, akageuza gari, akaanza kupanda.